Kosomek Haikutibu Sukari ya Kogo. Mimi Ndio Nilisema Inatibu



Leo sianzi na utani kama kawaida. Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnakumbuka ile video ya Londiani, ile nimesimama nyuma ya nyumba ya Kugo nikiwa na kijiko mkononi, nasema, "Hii ndio asali inamaliza sukari." Hiyo video iliniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka hapa. Nimeifuta. Nitawaambia kwa nini, halafu nitagombana na kila mtu ambaye bado anauza maneno niliyouza mimi.

Wengi mkisikia Londiani mnakumbuka ile ajali ya Juni 2023 pale njia panda, iliyoua watu zaidi ya hamsini. Mimi nikisikia Londiani nasikia baridi. Ni juu kabisa, kabla hujateremka kwenda Kericho kwenye majani chai. Kwetu ni viazi, maziwa, saiprasi za serikali, na msitu wa asili uliobaki kwenye miteremko na kando ya mito. Na kwenye huo msitu kuna kosomek.

Kosomek ni nyuki wadogo, yaani wadogo kweli, unaweza kudhani ni nzi. Hawadungi. Dunia nzima kuna zaidi ya aina 500 za nyuki wasiodunga, na Kenya tuna kadhaa. Tanzania asali yao inaitwa tu "asali ya nyuki wadogo" na inauzwa bei ya juu kuliko ile ya kawaida. Hawaweki asali kwenye masega kama wale nyuki wakubwa. Wanajenga vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, na asali inakaa humo ndani. Ni nyepesi kama maji, ina uchachu, na inabeba harufu ya msitu. Wengine wanaishi kwenye shimo la mti mzee, wengine kwenye ufa wa ukuta, wengine chini ya ardhi. Asali yao ni kidogo sana, ndio maana ni ghali.

Kugo, babu yangu, alikuwa na gogo lao chini ya paa la jikoni. Alilitunza miaka mingi mpaka akafariki. Mtu akikohoa alipewa kijiko kimoja. Mtu akijikata na panga alipakwa kidogo. Basi. Sikuwahi kumsikia Kugo akisema asali ya kosomek inatibu sukari. Hata siku moja. Wazee walikuwa na maneno yao na mipaka ya maneno yao. Neno "sukari" nililileta mimi, na mimi nililitoa kwa intaneti.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja anayeuza asali mtandaoni alinitumia elfu tano na orodha ya maneno ya kusema. Sukari, presha, vidonda vya tumbo, saratani. Saratani na presha nilikataa, nikajiona mtu mwaminifu sana. Sukari nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeona mahali fulani kwamba wanasayansi wamegundua sukari ya ajabu kwenye asali ya nyuki hawa. Sikusoma mpaka mwisho. Nilisoma kichwa cha habari, nikachukua kijiko.

Sasa sikizeni. Kogo, nyanya yangu, ana ugonjwa wa sukari karibu miaka tisa sai. Alikuwa anameza metformini asubuhi na jioni bila kukosa, mpaka kina binamu wanamtania kwamba anaziheshimu kuliko chai. Binamu mmoja akamwonyesha ile video. Mwezi wa kwanza Kogo akaacha vidonge, akaanza vijiko viwili vya asali asubuhi na viwili jioni. Hakumwambia mtu. Mwezi wa tatu alikuwa anakunywa maji kama mtu ametoka jangwani, anaamka usiku mara sita kwenda choo, macho yanaona ukungu, na kidonda kidogo cha mguuni kimekataa kupona. Siku aliyoanguka walimbeba kwa bodaboda, mmoja nyuma akimshikilia. Kile kimashine cha kupima sukari hakikuonyesha namba. Kiliandika HI. Maana yake sukari imepita pale mashine inaweza kuhesabu.

Alilazwa siku kumi na moja. Amerudi nyumbani, mguu haukukatwa, Mungu ni mkubwa. Lakini jicho moja halijarudi venye lilikuwa.

Nilipofika nikamuuliza, "Kogo, mbona uliacha dawa?" Akaniangalia kama ninauliza kitu kila mtu anajua. Akasema, "Si wewe ulisema? Wewe ndio umesoma."

Ndio hivyo. Kwa hivyo leo sitaongea kama mwalimu. Naongea kama mtu aliyeshtakiwa na akakubali kosa.

Nianze na ile sukari ya ajabu, kwa sababu ni ya kweli, na hapo ndipo ujanja ulipo. Uongo mtupu hauuzi hivi. Kinachouza ni ukweli nusu.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha matokeo ya kupima asali ya nyuki wasiodunga kutoka Australia, Malaysia na Brazil. Walikuta imejaa sukari inaitwa trehalulosi. Kwenye kila gramu 100 za asali, trehalulosi ilikuwa kati ya gramu 13 na 44. Hiyo si mchezo. Trehalulosi imeundwa na vitu vilevile viwili vya sukari ya dukani, glukosi na fruktosi, ila vimeunganishwa kwa kifungo tofauti. Mwili unachukua muda kukivunja, kwa hivyo glukosi inaingia kwenye damu polepole badala ya kuvamia kwa pamoja.

Hapo ndipo mimi niliacha kusoma. Sasa tumalizie pamoja.

Moja, polepole si sawa na haiingii. Mwisho wa siku kile kifungo kinavunjwa na glukosi inafika kwenye damu. Mbili, hata asali yenye trehalulosi nyingi bado ina glukosi na fruktosi za kawaida, hazijaenda popote. Tatu, kitu kinachopandisha sukari polepole si kitu kinachoshusha sukari. Ugali wa wimbi unaweza kupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe, lakini hakuna daktari atakwambia utupe vidonge ule wimbi. Nne, na hii iniume mimi zaidi: hao nyuki walikuwa wa Australia, Malaysia na Brazil. Hapakuwa na chupa hata moja kutoka Londiani. Nilichukua nyuki wa watu wengine, nikawavalisha jina la kosomek, nikampa Kogo.

Halafu kuna upande wa pili, ule wa "inaua viini". Huu pia una ukweli ndani yake. Asali hii ina asidi, na bakteria wengi hawapendi asidi. Ina fenoli na flavonoidi, kemikali zinazotoka kwenye mimea. Gundi ya nyuki, ile inaitwa propolisi, ni utomvu ambao miti yenyewe hutoa kujikinga na kuvu na wadudu, na nyuki wanauchukua kuziba na kulinda nyumba yao. Ukiweka vitu hivi kwenye sahani ya maabara yenye bakteria, mara nyingi bakteria wanakufa au wanashindwa kuongezeka. Watafiti wa icipe pale Kasarani wamewasoma nyuki hawa kwa miaka mingi, hasa kwenye msitu wa Kakamega. Kazi ni ya kweli na inastahili heshima.

Lakini wasee, Jik pia inaua bakteria kwenye sahani. Utakunywa Jik?

Sahani haina tumbo. Haina ini, haina figo, haina mimba, haina dawa nyingine tatu ambazo Kogo anameza za presha. Kutoka sahani hadi kwa mtu kuna safari. Lazima ujue ni kemikali gani hasa inayofanya kazi, ni kiasi gani, inafika kwenye damu au inaharibikia tumboni, inadhuru nani, halafu uwape watu wengi uwalinganishe na watu wengine ambao hawakupewa. Neno "uwezo wa kutibu" linamaanisha mtu amesimama mwanzo wa hiyo safari. Wauzaji wetu wanachukua picha pale mwanzo na kusema tumefika.

Sasa najua komenti zinazokuja, kwa sababu mimi ndio nilikuwa naziandika.

Komenti ya kwanza: "Kampuni za dawa hazitaki mjue vitu vya asili." Sawa. Hebu tuongelee kidonge ambacho Kogo alitupa. Ulaya kuna mmea wa maua ya zambarau unaitwa Galega officinalis. Waganga wao wa zamani waliwapa watu wanaokojoa sana, ambayo ni dalili ya sukari. Ndani yake kulikuwa na kemikali inayoshusha sukari kweli, lakini mmea huohuo unaua kondoo. Hukumu ya "asili haina madhara" iliishia hapo hapo. Wanasayansi wakatafuta ndugu za ile kemikali ambao hawana sumu kali. Metformini ikatengenezwa maabara mara ya kwanza mwaka 1922. Daktari Mfaransa Jean Sterne akatoa ripoti ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Miaka 35 katikati.

Umeelewa? Kogo hakuacha dawa ya wazungu akarudi kwa dawa ya asili. Aliacha dawa yenye mzizi kwenye mmea, iliyopimwa kwa miaka mingi, sai ni kati ya vidonge vya bei ya chini, akachukua kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipima kwa ugonjwa wake. Na alikichukua kwangu, mtu ambaye hajamaliza hata kusoma makala moja.

Mfano mwingine ni malaria. Artemisinini ilitoka kwenye mmea wa kiasili wa China, na Tu Youyou akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Leo tembe zake zinaokoa watu Kisumu na Busia. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema usinywe chai ya majani hayo kama tiba ya malaria, kwa sababu kiasi kwenye kikombe hakijulikani, na dozi isiyotosha inafundisha vimelea kuzoea dawa. Mmea ni uleule. Tofauti ni kipimo.

Komenti ya pili: "Nyanya zetu walitumia na waliishi miaka mia." Nyanya zetu walitumia kwa kikohozi na vidonda, na hapo walikuwa wanaona mbali kuliko mnavyowapa sifa. Uingereza, miongozo ya afya ya mwaka 2018 inasema mtu mwenye kikohozi cha kawaida ajaribu asali kwanza kabla ya kukimbilia antibiotiki. Kuna asali maalumu inayotumika hospitalini kwenye vidonda, ikiwa imesafishwa kwa mionzi ili isibebe viini. Kwa hivyo Kugo na kijiko chake cha kikohozi walikuwa sawa. Shida si wazee. Shida ni kizazi chetu kuchukua kijiko cha wazee na kukibandika magonjwa ambayo wazee hawakuyataja, halafu mtu akiuliza tunasema anadharau mila. Anayedharau mila ni nani hapo?

Na jamani, ile video inazunguka ya mama anampa mtoto wa miezi minne asali "ili kinga ipande", tafadhali msiisambaze. Mtoto hajafika mwaka mmoja hapewi asali yoyote, ya kosomek wala ya duka. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoleta botulizimu, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia.

Komenti ya tatu ndio naiheshimu zaidi: "Sayansi ikija hapa inakuja kuiba." Hiyo hofu si ujinga. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu kutoka chemchemi na maji ya Ziwa Bogoria, hapo tu Baringo. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya ziwa hilo vikaishia kwenye sabuni za kufulia na kwenye kazi ya kufifisha rangi ya jeans, biashara ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Wenyeji wa pale, Waendorois, walikuwa tayari wamefukuzwa kwenye ardhi hiyo tangu miaka ya sabini. Unaweza kuwa umevaa jeans iliyopitia Bogoria.

Kwa hivyo ukiniambia kuwa mwamini, nitakwambia usimwamini mtu bila karatasi. Lakini karatasi zipo. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya mwaka 2014, inayosema ukichukua kitu cha viumbe hai au maarifa ya jamii, unaomba ruhusa na mnagawana faida. Mwaka 2016 tukapitisha sheria yetu ya kulinda maarifa ya jadi. Kaunti imepewa kazi ya kuandikisha maarifa hayo. Swali ni, nani wa Londiani ameandikisha ya kosomek? Na Waogiek, majirani zetu wa msitu wa Mau, watu ambao asali ni maisha yao, walishinda kesi kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 150. Kushinda walishinda. Bado wanadai ardhi yenyewe.

Dawa ya wizi ni mkataba. Si uongo wa TikTok. Ukisema "inatibu kila kitu", hujawalinda wazee na mwizi. Umemrahisishia kazi. Siku atakapokuja na maabara yake, maarifa yetu yote yatakuwa yamechanganyika na takataka zetu, na hakuna hakimu ataweza kutenganisha alichosema Kugo na nilichosema mimi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na kama utasahau mengine yote shika hii: anayesema kosomek tayari ni dawa ya sukari anaiba nafasi ya kosomek kuwa dawa ya kitu chochote.

Anaiba kwa njia tatu.

Anaiba imani. Mnakumbuka Loliondo, mwaka 2011? Mnaweza kuwa mlikuwa watoto, ulizeni wazazi. Kijiji cha Samunge, Tanzania, kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za kwao. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi, Wakenya wakiwemo. Kuna waliokufa kwenye foleni kabla ya kufika. Kuna walioacha dawa za virusi vya Ukimwi. Leo ukitaja mti uliotumika pale, watu wanacheka. Mti haukufanya kosa lolote. Labda una kitu ndani yake, labda hauna, lakini nani atakusikiliza bila kicheko? Hivyo ndivyo tunavyotaka kuifanyia kosomek.

Anaiba soko. Kanuni ya kimataifa ya asali, ile ya Codex, inataka maji yasizidi asilimia 20, na iliandikwa ikiwa na nyuki wakubwa kichwani. Asali ya nyuki wasiodunga kwa maumbile yake inazidi hapo. Kwa kipimo hicho asali ya Kugo inaonekana imechakachuliwa. Malaysia hawakukaa wakalia. Mwaka 2017 waliandika kiwango chao wenyewe cha asali ya nyuki hawa, wakasema asali halisi inafanana hivi, maji kiasi hiki, asidi kiasi hiki. Mwaka huohuo New Zealand ikaweka vipimo vya kemikali na DNA vya kutambua asali yao ya manuka. Sisi tunaweka nini? Kibandiko kinachosema "ASILI 100%, INATIBU MAGONJWA 40". Halafu tunashangaa mtu anachemsha sukari na ndimu, anatia kwenye kachupa, anauza bei ileile. Mahali ambapo hakuna kipimo, mwongo na mkweli wana bei moja.

Tatu, anaiba msitu wenyewe. Hii ndio sikuifikiria kabisa. Baada ya video yangu, watu wakaanza kutafuta kosomek kwetu. Mwezi wa pili mtu alikata emitiot, mzeituni mwitu, mti mkubwa uliokuwa kando ya mto tangu kabla ya Kugo kuzaliwa. Aliukata apate kiota kilichokuwa ndani. Sijui alipata asali kiasi gani, labda ya kujaza chupa moja ya soda. Nyuki walibaki wakizunguka kisiki siku mbili.

Fikiria hiyo hesabu. Kosomek hawatoi kemikali kutoka hewani. Wanazitoa kwenye utomvu na maua ya miti iliyopo. Ukibadilisha miti, umebadilisha kilicho ndani ya gundi na asali. Na wengi wao wanahitaji shimo, shimo linahitaji mti mzee, na saiprasi ya kupandwa inavunwa kabla haijazeeka vya kutosha kuwa na shimo. Mtarakwa, emitiot, tebeswet, hizo ndizo kabati za dawa tunazoongelea. Tunakata kabati kupata kijiko.

Na kinachonikasirisha ni kwamba hatuko mbali na wataalamu. Chuo cha misitu cha Kenya kiko Londiani tangu 1957. KEFRI wana kituo cha utafiti hapo hapo. Mwanafunzi anaweza kutembea kwa miguu kutoka darasani hadi kwenye kiota. Icipe wamekuwa wakifundisha watu kufuga nyuki hawa kwenye masanduku madogo, ili asali itolewe bila kuharibu kiota na mti ubaki umesimama. Kwa nini kijana wa Londiani anajifunza kuhusu kosomek kutoka kwangu, niliye Nairobi na bando la mia, na si kutoka kwao? Hilo swali ni langu, na ni la kaunti, na ni la hivyo vyuo pia.

Sasa wewe unayesoma, hasa kama na wewe unatengeneza video. Sheria ya Kenya ya vyakula na dawa, Sura ya 254, inakataza kudanganya watu unapotangaza chakula au dawa. Najua hakuna aliyekuja kunikamata. Lakini usingoje polisi. Ukiona mtu anasema kitu fulani cha asili kinatibu, muulize maswali matatu tu. Waliopimwa ni watu au ni sahani? Walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Akikujibu "lakini ushuhuda ni mwingi", funga simu. Mimi nilikuwa na ushuhuda mwingi. Kogo alikuwa mmoja wa hao, wiki ya pili alimwambia binamu anasikia nguvu.

Unaweza kuuza asali ya kosomek bila kudanganya. Sema ni ya nyuki wadogo wa Londiani, ina uchachu, ni adimu, ni tamu kwenye mursik ukitaka kujaribu. Sema wazee waliitumia kwa kikohozi. Sema wanasayansi wanaichunguza na hawajamaliza. Mtu mwenye sukari mwambie ni sukari, aongee na daktari wake, na asiache vidonge. Utauza chupa chache. Lakini hutaulizwa "si wewe ulisema?"

Zile elfu tano nilirudisha. Jamaa alicheka, akasema kuna mwingine atasema kwa elfu tatu. Na kweli, nimeshaona huyo mwingine. Ana wafuasi kuniliko, ameshika kijiko venye nilishika, na kwenye komenti kuna mtu ameuliza, "Mama yangu ana sukari, apewe vijiko vingapi?" Nimemjibu mara nne. Jibu langu linafutwa kila mara. Kama uko hapa na wewe ndio uliuliza: sifuri. Mpeleke mama kliniki.

Wiki iliyopita nilikuwa Londiani. Lile gogo la Kugo bado liko chini ya paa, kosomek wanaingia na kutoka kwa kale kamlango kao ka nta. Kogo alikuwa ameketi hapo kwa jua, vidonge vyake viko ndani ya kopo la chai. Nikamwambia nataka kuandika haya, nikamuuliza kama ataona aibu.

Akasema, "Kama ile ulisema kwa simu, na hii sema kwa simu."

Nimesema.